Neno Nililolisema Juu Yako Mbele ya Walimu

Kalunde mwanangu,

Mama yako amekwisha kukupa maagizo yote ya safari, na yale aliyoyasahau atakupigia kelele kesho asubuhi lori likiwa limeshaanza kuondoka. Kwa hiyo mimi sikuandikii habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kumwamkia nani kwanza ukishuka stesheni ya Usinge. Hayo unayajua. Ukiyasahau, utajifunza kwa kuumwa na mbu.

Nakuandikia nikiwa darasani. Nyumbani hapakaliki mchana huu, wanawake wamejaa jikoni kwa ajili ya wageni wa jioni, na kila nikiketi mahali naambiwa nimekalia kitu. Nimejibana kwenye dawati la mstari wa mbele, magoti yamegonga ubao, na nadhani nitahitaji kuvutwa ili nitoke. Lakini nina raha. Binti yangu kesho anakwenda kuwa mwalimu, na sijui mzee mwingine wa huku Ipole ambaye ana la kujivunia kuliko mimi leo.

Sasa nisikilize. Juzi mama yako aliniambia jambo ulilomwambia kwa siri. Usimkasirikie, siri kwa mama yako ni kama maji kwenye kikapu. Alisema umekusudia kutohudhuria mkutano wa walimu pale Tabora mwishoni mwa muhula, ule ambao kila mwalimu mpya hufundisha somo moja mbele ya wenzake. Umesema siku hizo utakuwa na homa. Nilicheka sana. Sijapata kumwona mtu anayepanga homa miezi mitatu kabla haijafika. Kisha nikaacha kucheka, maana naijua homa hiyo ilikotoka. Aliyekuambukiza ni mimi.

Likizo iliyopita uliposhika darasa langu kwa siku chache, nilisimama nje ya dirisha nikakusikiliza. Watoto walikuwa wanakubishia, wanacheka, wanaandika, na wewe unazunguka kati yao kama mtu aliyezaliwa na chaki mkononi. Nikamwita mwenzangu Mwalimu Yakobo aje aone. Tulipoingia tu mlangoni, ukanyamaza, ukanipa chaki, ukaenda kukaa. Yakobo aliniuliza, "Vipi huyu, tumemwudhi?" Nikamwambia ana adabu, anawaheshimu wakubwa. Nilisema uwongo. Nilijua unaogopa nini.

Ulikuwa na miaka saba. Sijui unakumbuka kiasi gani, kwa hiyo nitasimulia yote, na pale nitakapojipendelea unisahihishe.

Siku hizo sisi walimu wa shule za vijijini tulikutana Tabora kila kiangazi, shule zikiwa zimefungwa. Walitoka Nzega, walitoka Urambo, wengine walitoka mbali kule Igunga kwenye mbuga za ng'ombe. Tulilala kwenye mikeka madarasani na kula pamoja. Kwa kuwa watoto wa mjini walikuwa likizo, desturi ilikuwa kila mwalimu aje na watoto wawili wa shuleni kwake, ili tupate darasa la kufundishia mbele ya wenzetu. Na kulikuwa na desturi nyingine. Somo likiisha, hakuna ruhusa ya kusema "vizuri sana" ukakaa. Kila mwalimu alisimama akasema "Nachukua," akataja kitu kimoja anachokwenda nacho shuleni kwake. Akiwa na swali alisema "Nauliza." Hapo ndipo wengi walipotokwa na jasho.

Nilikuwa na cheti kipya na suruali iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka ukiigusa utajikata. Watoto wangu wawili walikuwa wewe na mtoto mmoja wa jirani. Tulipanda lori lililobeba nta, tukaketi juu ya magunia, na safari nzima ulinukia kama mzinga. Barabara ile inafuata njia waliyopita wapagazi zamani, na babu yangu alikuwa mmoja wao. Nilikusimulia juu ya lori kwamba misafara miwili ikikutana, watu walitua mizigo na kuulizana habari za maji ya mbele, na asiyejua alisema sijui, maana kudanganya hapo ni kuua watu. Nilikusimulia vizuri kabisa, na maneno hayo hayakunigusa mimi mwenyewe hata kidogo.

Nilikuwa nimekutayarisha. Mwezi mzima tulisoma ukurasa mmoja, ule wa nyuki, asubuhi na jioni. "Baba anakwenda porini. Baba amebeba mzinga. Nyuki wanakuja." Ulikuwa unaujua hata ukiwa unatwanga. Zamu yangu ilipofika nikafundisha kwa mbwembwe, kisha nikakuita mbele. Ulishika kitabu, ukatembeza kidole chini ya maneno, sauti yako imenyooka, hukukwama mahali. Walimu wakapiga makofi. Mmoja akasema anachukua sauti, mwingine anachukua mpangilio wa ubao. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukaa.

Hapo akasimama Mwalimu Shija wa Choma, kule kule Igunga. Unamjua kwa jina tu. Alikuwa amenizidi umri, hana cheti, amevaa makubazi, na alizungumza Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake. Akasema, "Nauliza. Naomba mtoto anisomee kitu kidogo tu." Akaenda ubaoni akaandika: *Nyuki wanakwenda porini.* Maneno yote yalikuwa ya ukurasa ule ule, aliyapanga upya tu.

Uliweka kidole kwenye neno la kwanza ukasema, "Baba anakwenda porini."

"Soma tena, mama," akasema kwa upole.

Ukasema tena vile vile, kisha hukusimama. Uliendelea. Baba amebeba mzinga. Nyuki wanakuja. Maneno ya ubaoni yalikwisha, kidole chako kikatoka ubaoni, kikaendelea kutembea ukutani, kwenye chokaa tupu, mpaka ukurasa ukaisha.

Watu wachache walicheka. Shija hakucheka. Nilikuwa nimetayarisha mdomo wako, macho yako sikuyagusa kabisa, na walimu arobaini walikuwa wameliona hilo. Ningeweza kusema sijui kulikotokea kosa. Ningeweza kusema nachukua. Nilisimama nikasema, "Samahanini ndugu zangu. Mtoto huyu ni mzito. Nilimleta tu kwa sababu ni mwanangu."

Ulinigeukia ukanitazama, ukashusha mkono. Hukulia. Ungelia ningejua la kufanya.

Nilitoka pale nikaenda mjini, kwenye maduka ya Waarabu, nikanywa kahawa vikombe vingi kama mtu mwenye shughuli. Nilikuacha peke yako na watu usiowajua. Nasema wazi, Kalunde, kwa sababu ni kweli na kwa sababu mpaka leo inaniuma.

Niliporudi nilikukuta kwenye baraza la jikoni na Shija, mmechuchumaa. Alikuwa anakuuliza nyuki wa kwetu wanapenda miti gani, na wewe unamjibu kwa Kinyamwezi huku yeye anaandika chini kwa kijiti: mninga, myombo, mtundu. Kwao Choma misitu kama yetu hakuna, kwa hiyo alikosea kila mara na wewe ulimrekebisha kwa ukali. "Siyo huo! Huo hautoi asali!" Naye anasema, "Haya, mwalimu, nifundishe." Kisha akafuta, akayaandika majina hayo kwa mpangilio mwingine, akakuuliza mtundu umekwenda wapi. Ukauonyesha. Akaufuta akauandika pengine. Ukauonyesha tena.

Nilipaswa kufurahi. Niliona wivu.

Akaniambia, "Mwalimu mwenzangu, mtoto huyu si mzito. Ameshika ukurasa mzima kichwani bila kuona herufi hata moja. Mimi na wewe tungeweza?"

Nikamjibu, "Nyie wa Choma fundisheni ng'ombe, watoto tuachieni wenye vyeti." Nilijifanya natania. Naye alicheka kama anayetaniwa, akapangusa vumbi magotini akaondoka. Tulijua wote wawili kwamba haukuwa utani. Kwenye lori la kurudi sikukusemesha. Ulilala juu ya magunia, au ulijifanya umelala.

Ungedhani mtu angejirekebisha hapo hapo. Mimi nilichukua mwaka. Shule ilipofunguliwa niliwaita watoto wangu mmoja mmoja nikawaandikia maneno yaliyopanguliwa, kama Shija. Kati ya watoto arobaini, saba tu walisoma. Wengine waliniimbia kurasa. Nilifunga mlango nikakaa humu ndani, kwenye meza ile ya mwalimu, na nikaamua kutomwambia mtu. Mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja. Alipofika watoto waliimba kitabu kizima, jalada mpaka jalada, naye kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno akasema nimefanya kazi kubwa. Nilikula ile sifa ikashuka vizuri tu.

Kisha siku moja akaja mama mmoja wa hapa kijijini. Mwanawe mkubwa alikuwa amekwenda manamba kwenye mkonge, na alikuwa ametuma barua. Mdogo wake, msichana aliyekuwa wa kwanza darasani kwangu, aliisoma mbele ya ukoo mzima. Mama yule akaniamkia, akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Naomba unieleze. Binti amesoma kwamba kaka yake anakwenda porini, amebeba mzinga. Si alikwenda mkonge?"

Nikaichukua barua. Kijana alikuwa anaeleza siku atakayofika Tabora kwa treni, na kwamba mguu wake umeumia, aje mtu kumpokea. Siku hiyo ilikuwa imeshapita. Alikaa stesheni siku mbili akisubiri watu wake. Alifika nyumbani salama, namshukuru Mungu, na leo ana watoto wake. Lakini mama yule hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniomba nimwandikie jibu, akanishukuru, akaniachia asali.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda Tabora bila watoto na bila suruali ya pasi. Wewe nilikuacha nyumbani. Mwalimu wa Nzega alipomaliza somo lake nikasimama nikasema, "Nachukua, ila si ya leo. Nachukua ya mwaka jana." Nikawaeleza yote, watoto saba kati ya arobaini, mkaguzi, barua ya manamba. Nikajuta kusema. Ndipo Yakobo, ambaye tulikuwa tunafundisha shule moja na hatukuwahi kuambiana, akasimama akasema, "Na mimi. Wa kwangu ni watano." Kisha mwingine. Kisha mzee mmoja wa Urambo ambaye wote tulimwogopa, akasema darasani kwake hata hajathubutu kuhesabu. Tulicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia.

Siku tatu zile, mwanangu, ndizo zilizonifanya kuwa mwalimu. Cheti kilinipa mshahara tu. Shija alikuwa amekuja na vipande vya magome aliyoyachonga, kila kimoja kimeandikwa silabi kwa mkaa, na watoto wanavipanga na kuvipangua mpaka neno litoke. Alitugawia tukakaa chini watu wazima tukicheza. Mwingine alitufundisha kuanza na maneno ambayo mtoto anayajua nyumbani, kwa lugha ya nyumbani, kabla ya kitabu. Nami nilidhani sina cha kutoa. Shija akaniambia, "Nauliza. Hizo nyimbo zako, unawafundishaje? Watoto wangu wanasoma, lakini wanasoma kama watu wanaohesabu mifugo." Nikamfundisha. Alikuwa na sauti mbaya ya ajabu. Nilimwomba radhi kwa lile la ng'ombe, akasema alishalisahau, na nilimwona usoni kwamba hajalisahau ila amelisamehe.

Mwaka ule humu darasani watoto walianza kusoma kweli, na wewe ukiwa wa mbele. Ulikuwa unasoma magunia, unasoma makaburi, unasoma karatasi zilizofungiwa chumvi. Nikajiambia basi, jeraha limepona. Ukafaulu, ukaenda shule ya kati, ukaenda chuo. Kila ripoti niliyoletewa walimu wako waliandika: anajua, lakini mkimya, haongei mbele za watu. Nami nikawa nawaonyesha watu nikisema binti yangu katulia. Walimu arobaini walinisikia nikikiri kosa langu. Mtu mmoja aliyelitendewa hakuwepo, na aliporudi kutoka kisimani jioni ya siku niliyofika nyumbani nilimpa kitenge kipya nikamwuliza habari za mbuzi.

Mwalimu Shija bado anakuja mikutanoni. Ana mvi sasa na haoni vizuri. Kila mwaka huniuliza, "Yule mwalimu wangu wa miti hajambo?" Miaka yote hii sijawahi kukufikishia salamu zake, maana ungeniuliza anakujuaje, na ningelazimika kuanza kueleza. Salamu zake ni nyingi, nimezikalia kama dawati hili.

Sikulazimishi uende kwenye mkutano. Umekuwa mtu mzima na homa ni yako. Nakuambia tu nilichokiona kwa miaka mingi ya kwenda. Walioleta masomo yao mazuri, yaliyong'arishwa, waliondoka na makofi na hakuna aliyewafundisha kitu. Walioleta somo linalowashinda waliondoka wamechoka, karatasi zimejaa, wakicheka njiani. Usinge nako utapata somo litakalokushinda, pengine wiki ya kwanza. Kuna watoto wa wafuga nyuki waliokulia msituni watakaokutazama kama unawapotezea muda, na siku nyingine watakuwa na haki. Darasani peke yako utafikiri wewe ndiye mbovu. Ukikaa na wenzako ndipo utakapojua kwamba yule wa Nzega naye halali vizuri kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nilikaa mwaka mzima na Yakobo, ukuta mmoja katikati yetu, kila mtu akificha lake, tukisalimiana asubuhi kwa heshima.

Na ukisimama mbele yao, wakakuuliza swali usilolijua, usimtafute mtoto wa kumtupia. Hilo peke yake ndilo ninaloliomba.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ndani ya sanduku lako uikute Usinge, mimi nikiwa mbali salama. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimejiona. Neno lile nililisema kwa sauti, mbele za watu, nikiwa nimesimama. Haifai nilifute kwa karatasi utakayoisoma peke yako huko Usinge. Kwa hiyo barua nakupa leo hii, uisome kabla wageni hawajafika. Jioni hii, wageni wakishakusanyika kukuombea safari njema, na kabla mzee wa kanisa hajaanza sala, nitasimama. Yakobo atakuwepo, na walimu wengine wawili waliokuwa Tabora siku ile. Nitawaambia kwamba mtoto niliyemwita mzito hakuwa mzito, kwamba nilijua hivyo wakati ule ule nilipokuwa nasema, na kwamba nilimsema ili mimi nionekane mwalimu. Kisha nitakugeukia wewe na kukuomba radhi, mama. Usiniinukie kwa adabu ukaninyamazisha. Uniache nimalize.

Ukitaka kunisamehe, sawa. Ukitaka kwanza kuniambia ilivyokuuma, sema hapo hapo, kwa sauti, watu wote wasikie. Itakuwa mara yako ya kwanza kusema mbele ya walimu, nami nitakuwa mstari wa mbele nikisikiliza.

Mimi baba yako, ninayekupenda kuliko nilivyojua kuonyesha